Samaki wa Baba Mwenze

Jumamosi ile stesheni ya Kamina haikuwa na pa kuweka mguu. Treni ya Kabongo ilikuwa imefika, na watu walishuka na kuku, mihogo, watoto na kelele zao. Timothée, kijana wa kutia makaa kwenye injini, aliruka chini bila kuangalia, akamkumba msichana aliyebeba kikapu. Samaki wakavu wakatawanyika chini.

Msichana huyo aliitwa Clotilde. Alikuwa amejifunga kikwembe cha kijani chenye maua ya njano na blauzi nyeupe iliyopigwa pasi, na sasa blauzi hiyo ilikuwa na doa jeusi la makaa begani.

"Weye hauone?"

"Naona weye tu, sheri. Njo maana nilikukumba."

"Usiniite sheri, minyi haiko mupenzi wako. Okota samaki ya tantine, shangazi yangu!"

Timothée akapiga magoti, akaokota. Angeomba radhi tu, mambo yangeisha vizuri. Lakini wapi! Ulimi wake haukujua kukaa ndani ya mdomo.

"Samaki hii yote iko kidogo. Minyi nalobaka blakbasi, samaki ya Bazungu, mudomo yake kama chungu. Kila Jumapili, mu bwawa ya ku njia ya Base ya basoda."

"Kweli?"

"Kweli ya Mungu."

Uongo mtupu; hakuwahi kuvua hata dagaa. Kijana huyu alizaliwa kambi ya reli ya Luena, baba wa kabila hili, mama wa kabila lile, akakulia kwenye vumbi la makaa. Samaki alimjua akiwa kwenye sahani tu. Lakini Clotilde alicheka, na cheko hilo lilimwingia Timothée mpaka akasahau kuokota kofia iliyomwanguka.

Walipendana miezi minne. Halafu reli ikamhamisha Timothée kwenda Kabongo, aondoke Jumatatu asubuhi. Clotilde akamwomba baba yake, mkulima Mwenze, ampokee kijana aje kuposa kabla hajaenda. Mwalimu mmoja wa misheni, Amédée, alikuwa ameshatuma watu mara mbili kumposa Clotilde, hivyo hawakuweza kungoja.

"Baba amekubali," Clotilde alimwambia. "Jumapili, saa kumi na moja. Anasema ulete blakbasi moya."

"Blakbasi?"

"Nilimuambia weye iko fundi. Anasema bantu ba reli banasema mingi, anataka kuona mukono yako. Juu ya nini unanyamaza, mupenzi?"

"Nanyamaza juu ya furaha," Timothée akasema, na jasho likamtoka.

Jumapili, baada ya misa ya kwanza, alikuwa bwawani na ndoana aliyoazima kwa Émile, dereva wa injini yake. Mnyoo wa kwanza ulimtoka vidoleni. Wa pili ulianguka majini peke yake, ndoana ikabaki mkononi. Mara ya tatu kamba ilinasa kwenye matete, mara ya nne kwenye mkono wa shati lake la pekee la maana. Katikati ya bwawa blakbasi waliruka juu, wanene, wakarudi majini taratibu. Ilipofika saa tano Timothée alikuwa anawatukana samaki kwa lugha tatu.

"Mutoto, unaloba ao unapiga mayi?"

Mama mmoja alikuwa amesimama kwenye matete, maji magotini, akitega kikapu kama wanawake wa Kamina wanavyofanya. Alikuwa anacheka mpaka machozi.

"Niache, mama. Samaki ya huku iko na roho mubaya."

"Samaki haina roho mubaya. Weye njo hauna mukono. Nani alikutuma?"

Hapo angeweza kusema ukweli. Aliona haya, akasema, "Chef yangu, mukubwa ya kazi, muzungu. Anataka blakbasi."

"Pole. Kuya ukule. Muntu wa njaa haiwezi kuloba."

Mama alifungua sufuria yake: bukari, ndio ugali wa huko, na samaki wa mchuzi. Timothée hakungoja kuambiwa mara mbili. Walikula sahani moja, mkono kwa mkono. Mama alimfundisha kufunga mnyoo, akampiga begani, wakacheka pamoja. Kwa mara ya kwanza siku hiyo Timothée alipumua. Alitupa ndoana majini, akachomeka mti wake kwenye matope, akachovya tonge lingine.

"Mama!"

Clotilde alikuwa juu ya ukingo, na viazi alivyomletea mpenzi wake vimefungwa kwenye kitambaa.

"Clotilde?" akasema yule mama.

"Mama yako?" akasema Timothée, tonge likiwa shavuni.

Yule mama, jina lake Hulda, akasimama. Akamtazama Timothée usoni, macho kwa macho, kwa muda mrefu. Akabeba kikapu chake na kuondoka.

"Ulikula naye," Clotilde akasema. "Sahani moya!"

"Alinipa! Nilikuwa na njaa!"

"Kwetu mama wa buko, mama mukwe, haumuangalie mu uso. Haukule mbele yake. Kukula naye ni kusema hautake mutoto yake, weye iko mutoto wake sasa. Iko kaka yangu!"

"Sikuyua, Clotilde. Kwetu mu kambi bantu bote banakula pamoya."

"Haukuuliza! Na yeye hakukuuliza nani alikutuma?"

Timothée akainamisha kichwa. "Aliniuliza. Nilimuambia naloba ya chef."

"Juu ya nini?"

"Juu niliona haya. Sikulobaka samaki ata siku moya. Ile ya stesheni ilikuwa bongo, uongo tu."

Wakati huohuo mti wa ndoana ulitikisika. Blakbasi mmoja, baada ya kukataa asubuhi nzima, alikuwa ameuma. Timothée aliangalia mti, akamwangalia Clotilde aliyekuwa anaondoka akilia, akamkimbilia Clotilde. Hakumpata. Aliporudi, mti wa Émile ulikuwa unaelea katikati ya bwawa, unavutwa huku na huku. Akakaa kwenye matope, akalia kwa hasira.

Angeweza kwenda zake Kabongo na asionekane tena. Nakiri, hata mimi nilidhani atafanya hivyo. Lakini saa kumi na moja alisimama mbele ya nyumba ya Mwenze, suruali ina matope, mikono mitupu.

"Samaki iko wapi?" Mwenze akauliza.

"Haiko, baba. Minyi sijui kuloba. Nilibeya mutoto wako, nilimudanganya, nikabeya na mama, nikakula naye. Sikuyua kama njo yeye. Minyi ni muntu wa makaa tu. Lakini namupenda Clotilde, na nikienda bila yeye nitakufa na huzuni."

Clotilde alikuwa mlangoni, macho mekundu. Mwenze akavuta kiko chake.

"Haiko minyi wa kujibu," akasema mwisho. "Ulimukosea mama. Mama njo atajibu."

Mama Hulda alikuwa anatoka jikoni. Alisikia kila kitu. Mguu wake ulipogusa uwanja na macho yake yakakutana na ya Timothée, aliruka kama aliyekanyaga moto, akavuta kikwembe kufunika kichwa chote, akakimbia kujificha nyuma ya jiko.

Moyo wa Timothée ukavunjika.

"Mama ananichukia," akanong'ona. "Tulicheka pamoya, na sasa ata kuniona hapana."

Clotilde alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja.

"Mujinga weye! Anakukimbia juu umekuwa muko wake, mukwe wake. Ungekuwa kaka yangu, angekuya kukusalimia."

Timothée alimtazama Mwenze. Mwenze alitikisa kichwa kukubali. Hapo kijana akageuka haraka, akalipa jiko mgongo, akafunika uso wake kwa mikono miwili yenye makaa.

"Hivi? Clotilde, hivi njo muzuri?"

"Njo muzuri."

"Naweza kugeuka sasa?"

Nyuma ya jiko kikwembe kilitikisika, na mtu aliyekuwa chini yake alikuwa anajizuia kucheka.

"Bado, sheri," Clotilde akasema. "Bado."