Jaribio Lisilo na Alama

Saa mbili na dakika kumi, Jumatatu asubuhi, mwalimu mpya wa hisabati aliingia darasa la sita akiwa na karatasi arobaini na moja. Hakuwa na kalamu nyekundu.

"Maswali kumi ya sehemu," alisema. "Hayana alama. Nataka tu kujua nianzie wapi kuwafundisha."

"Kama hayana alama, mwalimu, tunayafanya ya nini?" aliuliza Redio, mvulana ambaye hakuna aliyewahi kumzima. Darasa likacheka.

Sindano hakucheka. Wenzake walimwita hivyo kwa wembamba wake. Muhula uliopita aliugua tetekuwanga, akakosa wiki mbili, na wiki hizo ndipo sehemu zilipofundishwa. Tena mwalimu wa zamani alikuwa na desturi ya kusoma matokeo kwa sauti, akianza na wa mwisho. Mara moja jina la Sindano lilisomwa la pili.

Swali la kwanza lilikuwa nusu jumlisha theluthi moja. Aliandika mbili juu ya tano, kisha akatupa jicho kushoto. Kamusi, msichana aliyekaa naye dawati moja, alikuwa ameandika tano juu ya sita. Sindano alifuta jibu lake. Baada ya hapo hakuhesabu tena. Alinakili yote kumi.

Jumatano orodha mbili zilibandikwa ukutani. Wanafunzi thelathini na wawili wangefundishwa sehemu upya. Tisa walikuwa wamepata yote, na kila mmoja wao angeeleza swali moja ubaoni kesho yake. Sindano alikuwa wa nne kati ya hao tisa.

"Kumbe Sindano ina ncha!" Redio alipiga kelele. Kamusi alimtazama Sindano.

Majibu Sindano aliyajua; yalivyopatikana hakujua. Kipindi kizima alitazama ubao ambao kesho angesimama mbele yake. Chakula cha mchana hakukigusa.

Alasiri alipita zahanati, ambako mama yake alikuwa mpimaji wa maabara.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona unatembea kama umemeza ufunguo? Kaa pale, usiguse kitu."

Sindano alikaa. Mama alimaliza kutazama kioo kwenye hadubini, akaandika majibu, akavua glavu. Ndipo Sindano akasema yote, kuanzia kufuta hadi orodha.

"Umenakili jaribio lisilo na alama?"

"Niliogopa kusomwa wa mwisho, mama."

Mama alinawa mikono kwanza. "Mwaka jana kuna mtu niliyempa chupa alete mkojo. Akaleta wa mdogo wake."

"Kwa nini?"

"Aliogopa majibu, kama wewe. Mkojo ulikuwa safi kabisa. Aliondoka hapa anapiga mluzi. Baada ya wiki mbili aliletwa akiwa amebebwa. Nikampima yeye mwenyewe, ugonjwa ukaonekana, akapewa dawa, akapona. Wiki mbili nzima aliumwa bure." Alifuta mikono. "Kipimo hakimpendi mtu wala hakimchukii, mwanangu. Kinasema juu ya kile ulichokiletea. Kesho mwone mwalimu kabla ya kengele."

"Twende wote, mama."

"Mimi nikafanye nini? Mkojo si wangu."

Alhamisi, saa moja na nusu, Sindano alisimama mlangoni pa ofisi ya walimu. Aligeuka kuondoka, akapiga hatua mbili, akarudi, akabisha hodi.

"Mwalimu, majibu yale si yangu. Niliyachukua kwa Kamusi. Yeye hakujua."

Mwalimu alifungua droo, akatoa karatasi tupu ya jaribio lile lile. "Kaa hapa. Dakika ishirini."

Sindano alipata matatu kati ya kumi. Alisubiri kufokewa. Mwalimu aliweka kidole kwenye swali la kwanza, ambalo jibu lake lilikuwa tena mbili juu ya tano.

"Umejumlisha juu kwa juu, chini kwa chini?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Kosa hili linaniambia mengi kuliko majibu kumi ya Kamusi. Sasa najua pa kuanzia nawe. Sikiliza. Mwalimu hupima mwanzoni, ajue mwanafunzi yuko wapi. Hupima katikati, ajue kama wanakwenda pamoja. Hupima mwishoni, na hapo ndipo alama huhesabiwa. Ukinidanganya mwanzoni, nitakufundisha usichokihitaji, na unachokihitaji nitakiruka. Wa kuumia ungekuwa wewe, si mimi."

Kengele ilipolia waliingia darasani, na mwalimu akalikata jina la Sindano kwenye orodha ya tisa, akaliandika kwenye ile ndefu.

"Sindano kashushwa daraja!" Redio alitangaza.

"Karibu," mwalimu alimwambia Sindano. "Na wewe Redio, uko kwenye orodha hiyo hiyo. Msogezee nafasi."

Jumanne iliyofuata, katikati ya kipindi, makundi yote mawili yalipewa maswali matatu mafupi. Sindano alipata la kwanza na la pili. La tatu lilimshinda. Kamusi, ambaye sasa alikaa na waliopata yote, alikuwa hatua tatu tu kutoka kwake, karatasi wazi. Sindano hakugeuza shingo. Kando ya swali aliandika, "Hapa sijaelewa," akanyoosha mkono.

Mwalimu alisoma, akavuta kiti, akaketi kando yake.