Doa Jekundu Kwenye Shati la Malak

Ijumaa moja ya mwaka 2004, hapa Woolwich, ughaibuni, nilikuwa nafua. Mashine ipo, lakini kola ya shati jeupe la skuli huitakasa mkono. Nikalisugua shati la mjukuu wangu kwa sabuni ya mche. Mara, pale kifuani, pakageuka pekundu.

"Yarabi! Damu!" Sabuni ikaniponyoka.

Mkwe wangu Afnan akaja mbio. Akamshika Malak, mtoto wa miaka mitano, akamfunua kifua. Hana jeraha. Ana vipele vyake tu vya kila siku, anavyojikuna mpaka analia.

Vipele hivyo ndivyo vilivyonitoa jikoni. Daktari alisema, "Mwachisheni bizari ya manjano wiki mbili, tuone." Afnan akalitupa kopo langu la manjano, na sufuria akanikataza.

"Mama, mkono wako umezoea. Utasahau, utatia."

Iliniuma. Sasa siku kumi na mbili zimepita na vipele vipo. Afnan anasema atamwachisha mtoto maziwa pia, na mayai, na samaki. Atakula nini? Mtoto ameshakonda.

Nikambishia hodi jirani yetu Amisha. Yeye ni mzaliwa wa Mombasa, na kazi yake ni kuwapangia wagonjwa chakula hospitalini. Akaja kwetu, akalitazama shati, akacheka.

"Bi Mwanamwema, wewe mtu wa Unguja hulijui doa hili? Kanga yenye mchuzi ukiipaka sabuni, huwaje?"

Nikaduwaa. "Huwa nyekundu. Manjano! Lakini manjano tumeyatupa!"

Akadondosha siki juu ya doa. Likarudi rangi yake ya njano. Nikashika mdomo.

"Malak, ulikula nini na shati hili?"

"Lolly," akajibu mtoto. "Mama gave me."

Afnan akashtuka. "Askrimu ya embe! Nampa kila akitoka skuli. Imeandikwa haina rangi bandia!"

"Kweli, haina. Rangi ya mmea si bandia," akasema Amisha. "Lakini ni rangi." Akaligeuza boksi alilolitoa Afnan kwenye friza, akatuonyesha maandishi madogo: E100. "Hii ni rangi inayotoka kwenye manjano. Sabuni imetudokeza tu. Rangi nyingi za mimea hazigeuki hivi, kwa hiyo msiitegemee. Someni nyuma ya boksi, si mbele tu. Msipoelewa, ulizeni. Na msimnyime mtoto maziwa kabla ya kusema na daktari."

Afnan akakaa kitako. "Nimemfukuza mama jikoni, kumbe manjano nampa mwenyewe!"

"Ndiyo hivyo," nikamwambia. "Kopo langu umelitupa, lako umelitia kwenye friza."

Akacheka huku machozi yanamtoka. "Nisamehe, mama."

Tukaanza wiki mbili upya. Tukasoma kila pakiti: siagi, supu, juisi, biskuti. Siku ya kumi ngozi ya Malak ikawa laini kama alivyozaliwa. Daktari akasema aendelee kuyaepuka manjano.

Nami nimerudi jikoni. Siku ya kwanza nilipika samaki wa nazi, mchuzi mweupe, na Malak akaomba tena.

"Kitendawili!" nikamwambia.

"Tega!"

"Nimeingia njano, sabuni ikanitoa nyekundu."

Alichukua pakiti ya biskuti mezani, akaigeuza nyuma, akapitisha kidole polepole juu ya maandishi madogo.

"Manjano hayamo humu, Bibi," akasema, akafungua.