Kidonge Kimoja Tu

Muuza mkaa aliapa kwamba aliona kwa macho yake mawili. Alisema cherehani ya fundi ilianza kuzunguka yenyewe, bila mguu wa mtu, gurudumu likavuma kama nyuki, kisha kitu kikampiga fundi kichwani akaanguka.

"Si nimesema siku nyingi," aliwaambia wateja huku akipima mkaa kwa kopo. "Ile cherehani aliinunua kwa mjane. Marehemu mumewe amekuja kuidai."

Kufika jioni mtaa mzima uliijua habari hiyo, na kila aliyeisimulia alikuwa ameitia chumvi yake.

Uzi hakusema kitu, ingawa yeye ndiye aliyekuwapo. Alikuwa binti wa fundi, mwanafunzi wa darasa la sita. Baba yake alimpa jina hilo kwa wembamba wake, na kwa kuwa kila akitoka shule kazi yake ya kwanza ilikuwa kumtungia baba sindano. Siku hiyo baba alikuwa akishona sare za shule. Kichwa kilikuwa kimemsumbua kwa muda mrefu, lakini alikaza tu.

"Uzi, mbona umeshika sindano mbili?" aliuliza.

Uzi alikuwa ameshika moja. Kabla hajajibu, baba alilegea na kuteleza kutoka kwenye kiti. Cherehani haikuzunguka hata kidogo. Ilisimama kimya, na kola ya sare ikabaki imening'inia chini ya sindano.

Hospitalini walimtoa maji ya uti wa mgongo wakayapima. Daktari alisema ni fangasi walioingia kwenye utando wa ubongo. Huishi kwenye vumbi na kinyesi cha ndege, na watu wengi huwavuta kwa pumzi bila kudhurika. Lakini kinga ya mwili wa fundi ilikuwa imeshuka. Akalazwa, akatundikiwa dawa, akarudi nyumbani akitembea kwa kushika ukuta, na kichupa cha vidonge mfukoni.

"Viwili kila siku, bila kuruka, mpaka siku ya kliniki," daktari alimwambia mama.

Mama alikuwa akifua nguo za watu na alitoka alfajiri. Kichupa akamkabidhi Uzi.

Muuza mkaa alikuwa wa kwanza kukiona.

"Dawa ya nini hiyo, mwanangu?"

"Ya fangasi, shangazi."

"Fangasi? Kumbe ni hawa hawa." Alivua kandambili, akaonyesha vidole vilivyochubuka katikati. "Wananila mpaka sipati usingizi. Nipe kimoja tu. Nyumba hii na yangu tumeanza lini kunyimana?"

Ilikuwa kweli. Chumvi, ndoo, hata kiti cha wageni, vyote vilihama kati ya nyumba hizo mbili bila mtu kuuliza. Uzi akampa. Baadaye akaja kinyozi, mwanawe ana mapunye kichwani. Akaja mama wa nyumba ya nyuma, mgongo wake una mabaka. Kila mmoja alitaka kimoja tu, na kila mmoja aliondoka akimwombea mema. Uzi alijiona mtu mzima.

Asubuhi moja alitikisa kichupa, akasikia mlio mwembamba. Siku ya kliniki ilikuwa mbali bado. Aliogopa kumwambia mama. Basi akafanya kama alivyomwona baba akifanya kitambaa kinapopungua: akabana. Badala ya viwili, akatoa kimoja.

"Mbona leo kimoja?" baba aliuliza.

"Daktari alisema ukipata nafuu vinapunguzwa."

Baba akameza, akanywa maji, akamshukuru.

Haikuchukua muda kichwa kikarudi. Baba alianza kutapika. Kisha akawa anapapasa meza akitafuta mkasi uliokuwa mbele yake. Mama alipomshika mkono kumpeleka hospitali, aliuliza, "Ni nani huyu?"

Daktari alimulika macho ya fundi kwa kurunzi, akamgeukia mama.

"Vidonge alikuwa anameza vyote?"

"Vyote, daktari," mama alijibu. "Anapewa na huyu mtoto, na huyu hajawahi kunidanganya."

"Kama amemeza vyote na ugonjwa umerudi, itabidi tuanze kutafuta sababu nyingine. Hilo linakula siku, na macho yake hayana siku hizo."

Uzi aliangalia miguu ya kitanda. Baba alikuwa akipitisha kidole kwenye pindo la blanketi, taratibu, kama anayekagua mshono wa fundi mwingine.

"Hakumeza vyote," Uzi alisema. "Vingine niligawa. Vilipopungua nikampa kimoja kimoja."

Mama hakumpiga wala hakumgombeza. Alikaa chini, sakafuni pale pale, akaweka mikono mapajani. Uzi angependa kupigwa kuliko kumwona hivyo.

Dawa ya mshipa ilianza siku hiyo hiyo. Maji ya mgongo yalitolewa tena, na mtaalamu wa maabara, mwanamke mwenye sauti ya chini, alimwita Uzi aone. Aliweka tone la maji yale kwenye kioo, akachanganya na tone la wino mweusi, akamsogezea darubini. Ndani ya weusi Uzi aliona viduara, kila kimoja kimezungukwa na mwanga mweupe.

"Huo weupe ni koti," mtaalamu alisema. "Wino haupenyi. Askari wa mwili wako nao wakitaka kukila kijidudu hiki, koti linawazuia. Wewe ni mtoto wa fundi. Baba yako hukata nguo kwa kufuata nini?"

"Karatasi ya kipimo."

"Hiki nacho kina vipimo vyake ndani, tunaviita jeni. Jeni moja inaagiza koti lishonwe. Nyingine inakifanya kistahimili joto la damu yetu, ambalo fangasi wengi hawaliwezi. Nyingine inatengeneza pampu ya kuitema dawa. Dawa ikija kamili, vingi hufa na mwili humalizia vilivyobaki. Ikija nusu, vinyonge vinakufa, vyenye pampu nyingi vinasalia. Halafu hivyo ndivyo vinavyozaa."

Uzi aliondoa jicho kwenye darubini. "Kwa hiyo mimi ndiye niliyevichagua."

Mtaalamu alifuta kioo kabla ya kujibu. "Ulivipa nafasi. Na wale uliowagawia hawakupona, kwa sababu fangasi wa vidoleni ni wengine, na kidonge kimoja hakitibu mtu. Lakini umesema mapema, na dawa imebadilishwa mapema. Moyo wa kutoa ni mzuri, binti yangu. Dawa ya mgonjwa tu ndiyo haigawiwi."

Baba alirudi nyumbani baada ya wiki nyingi. Jicho la kulia lilikuwa limezima kabisa, na la kushoto liliona kama kupitia pazia. Siku hizo zote muuza mkaa ndiye aliyepika, akamtuma Uzi hospitalini na chakula cha moto, na bei ya mkaa aliopikia hakuitaja hata mara moja.

Sasa Uzi alitoa viwili kila asubuhi, na baba alivihesabu kwa vidole kabla ya kumeza. Hakumlaumu. Siku moja tu alisema, "Nguo niliyokupa uishone, ukikosea mkato, njoo uniambie nguo ikiwa bado mezani. Ikishavaliwa, tumechelewa."

Mchana mmoja baba alikuwa amekaa kwenye cherehani akishona mishono iliyonyooka, kwa kupapasa. Muuza mkaa alisimama mlangoni akiegemea fremu. Mguu wake ulikuwa umefungwa kitambaa, umevimba mpaka kwenye kifundo. Hakuwa amekwenda sokoni tangu juzi.

"Mwanangu," alisema kwa sauti ndogo, "sikuwahi kukunyima kitu mimi. Najua baba yako anavyo. Nipe kimoja tu, nipate kusimama."

Uzi alitia mkono mfukoni, akakishika kichupa. Nyuma yake, cherehani ilisimama, baba akitega sikio.