Picha ya Kijapani Iliyotaka Kuniua Tabora

"Mpigeni kichwani. Kwenye picha ndivyo walivyommaliza."

Aliyesema maneno hayo ni Abasi, mume wangu wa ndoa.

Na aliyetakiwa kupigwa kichwani... ni mimi.

Sikuwa mwizi. Nilikuwa nimesimama mbele ya nyumba ya marehemu baba yangu, Tabora, mtaa niliozaliwa, vumbi la barabara ya Sikonge limenijaa mpaka kwenye kope, mkononi nina kidumu cha asali ya kuwapelekea watu wangu wa nyumbani.

Kosa langu lilikuwa moja tu.

Nilikuwa nimeshazikwa. Miezi sita iliyopita, na hitima yangu watu wameila.

Ngojeni niwaeleze vizuri, maana juzi humu kundini nimeona mnabishana juu ya filamu fulani ya Kijapani ya mazombi. Mmoja anasema takataka, bajeti ya kununulia vitumbua. Mwingine anasema ndio utamu wake huo. Mjukuu wangu ananisomea huku anakufa kwa kucheka.

Mimi sikucheka. Nikamwambia, lete hiyo simu niandike mwenyewe.

Maana mimi maoni ya watazamaji wa picha ya Kijapani nayajua. Nusura yanitoe roho.

Ilikuwa mwaka 1975. Naitwa Mwanajuma. Abasi alikuwa fundi cherehani, mtanashati, anajua maneno. Tulikuwa na binti mmoja, Tatu, miaka minne.

Mwishoni mwa mwaka uliotangulia mama yangu aliumwa. Alikuwa ndani kabisa huko kusini ya Sikonge, na ule ndio wakati wa kuhamia vijiji vya ujamaa. Nilipofika tu, mgambo wakaja na malori. Mama na kitanda chake, juu. Mimi nikapanda naye, ningemwachaje?

Siku ya kurudi Tabora ilipofika, mama akazidiwa. Pale kwenye lori la kurudi mjini kulikuwa na mwanamke niliyemfahamu siku tatu tu, anaitwa Nyamizi. Nikampa kikapu changu.

"Dada Nyamizi, mpelekee mume wangu. Mwambie nitachelewa."

"Usijali, dada. Nitamfikishia."

Ndani ya kikapu kulikuwa na kanga zangu na kadi yangu ya TANU. Lile lori likapinduka njiani. Sisi huku porini hatukusikia kitu. Mvua zikaanza, barabara ikakatika, nikauguza mama mpaka Mungu alipomchukua. Mwezi wa nne ndipo nikapata usafiri.

Kumbe huku Tabora Abasi aliitwa hospitali. Akaonyeshwa maiti ya mwanamke, uso hautazamiki, na kadi yenye jina langu. Akasema, ndiye. Maiti ikaoshwa, ikasaliwa, ikazikwa siku ile ile kama ilivyo kawaida yetu.

Sasa sikilizeni balaa.

Wiki ile ile niliyorudi, ukumbi wa sinema mjini ulikuwa unaonyesha picha ya Kijapani. Ya wafu wanaotoka makaburini! Siku nne mfululizo, saa nane mchana, mji mzima umeiona isipokuwa mimi.

Na Kijapani nani anakijua Tabora? Kwa hiyo kulikuwa na mtu anaitwa Yahaya. Picha ikiwa ya lugha ngeni, yeye anasimama kando ya pazia na kuwaeleza watu kwa sauti. Akisema huyu ni shangazi, basi ni shangazi.

Yahaya aliwaeleza hivi: mwanamke mfu anarudi kwa mumewe. Anawajua wote kwa majina. Analia machozi kabisa. Ukimwitikia salamu, umekwisha. Na jua likishazama... hafi tena.

Mimi nikashuka kwenye lori alasiri, nikatembea mpaka nyumbani, sijui hili wala lile.

Mtu wa kwanza kumwona alikuwa balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Lugembe.

"Shikamoo, balozi."

Mzee ambaye hajawahi kuiacha salamu hata ya mtoto, alinitazama mdomo wazi, akarudi nyuma hatua mbili.

"Balozi, ni mimi, Mwanajuma."

Mama mmoja akapiga yowe. "Anamsalimia balozi! Msimwitikie!"

Dakika chache watu wakajaa. Abasi akatoka. Nyuma yake dirishani nikamwona msichana simjui, amevaa kanga yangu, amembeba Tatu wangu. Baadaye nilijua anaitwa Maua, na ni mke mpya.

"Tatu! Mwanangu!"

Mtoto akajificha uso begani kwa yule msichana.

Nikaanza kulia.

"Mnaona?" Abasi akasema. "Analia. Yahaya si aliwaambia?"

Jamani, kila nilichofanya kuonyesha niko hai, wafu wa Kijapani walikuwa wameshakifanya kabla yangu. Nikiwataja kwa majina, hata yule alitaja. Nikaomba maji nikanywa mbele yao, mtu akasema hata yule alikunywa, tena mtungi mzima.

Kukawa na fundi baiskeli mmoja, Mungu amrehemu, akajitokeza.

"Ninyi mna akili kweli? Picha yenyewe ya hovyo! Damu ni rangi ya mlango. Wafu wenyewe walikuwa saba tu, wanabadilishana mashati. Mmoja amevaa saa ya mkono."

"Labda alizikwa nayo," mtu akajibu.

"Kila picha ina uongo wake, lakini Mjapani hadanganyi," mwingine akasema. "Redio yake unayo nyumbani. Imewahi kukudanganya?"

Watu wakacheka.

Walicheka, ndugu zangu! Mimi nimesimama pale, nasubiri kujua kama nitaishi, wao wanajadili kama picha ilikuwa nzuri. Mmoja anasema mwanzo ulichosha. Mwingine anasema aliogopa mpaka akamkanyaga mwenzake.

Niliwachukia. Nasema kweli, mpaka leo wengine sijawasamehe.

Abasi akaingia ndani akatoka na mchi wa kinu.

"Jua linazama," akasema. "Mkingoja polisi, tutakuwa tumechelewa. Nani mwanamume hapa?"

Balozi akamwambia, "Taratibu, Abasi. Hili jambo la serikali."

"Serikali inajua mambo ya wafu? Mke wangu nilimzika kwa mikono yangu. Hiki kilichovaa sura yake mimi sikijui."

Nikamtazama machoni. Wengine wote pale macho yao yalikuwa na woga. Ya kwake hayakuwa na woga hata kidogo. Yalikuwa na haraka.

Lakini sikuelewa. Nilimpenda, ningeelewaje?

Vijana wawili wakasogea. Mmoja akapokea mchi.

"Subirini!" Ilikuwa sauti ya Yahaya, anatweta, mtu alikuwa amekimbia sokoni kumwita.

Nikaona nimepona. Nikapiga magoti. "Kaka Yahaya, waambie. Mimi si kama wale."

Balozi akamuuliza, "Wewe ndiye unayekijua Kijapani. Huyu ni miongoni mwao au siye?"

Yahaya akatazama watu. Akatazama mchi. Jasho likamtoka. Mji mzima ulimheshimu kwa ile kazi yake, akipita watoto wanamfuata.

"Mimi Kijapani sikijui," akasema.

"Unasemaje?"

"Sikijui. Hata neno moja. Naangalia midomo yao, natunga. Mambo ya salamu, ya jua kuzama, yote nilitunga mwenyewe. Siku ya kwanza nilisema hao wafu wanakufa jua likichomoza, waliokuja siku ile watakumbuka."

Nikafikiri imeisha.

Haikuisha! Watu hawakutaka kuamini. Mtu aliyelia ukumbini hataki kuambiwa alilizwa na porojo.

"Anamwogopa maiti huyo," Abasi akasema. "Ameona amemwelekea yeye."

"Kweli, anaogopa," wakaitikia.

Yule kijana mwenye mchi akapiga hatua. Nikafumba macho, nikaanza kutamka shahada.

"Mwambieni avue kiatu."

Sauti ya mwanamke mtu mzima. Watu wakapisha njia. Alikuwa Bibi Semeni, wa zile familia za Waarabu wa siku nyingi pale mjini. Mtaani kwetu yeye ndiye aliyeosha maiti zote za wanawake. Ndiye aliyeosha ile iliyoitwa mimi.

Sasa vijana mnielewe hapa. Mwosha maiti kwetu hasemi. Alichokiona kwenye ubao wa kuoshea, kovu au aibu, anaondoka nacho. Bibi Semeni ulikuwa humwulizi kitu cha ndani ya ule mlango hata kwa mtutu.

"Bibi, rudi nyumbani," Abasi akasema. Kwa mara ya kwanza sauti yake ilipasuka. "Hapa si mahali pako."

Bibi akanigeukia mimi.

"Mwanangu, vua kiatu. Mguu wa kushoto."

Nikavua. Bibi Semeni akainama na mgongo wake mbovu, akafuta vumbi kwa ncha ya kanga yake, akautazama ule mguu wangu muda mrefu. Akahesabu kwa kidole, kimya kimya.

Kisha akakaa chini, pale pale vumbini, akalia.

"Bibi, vipi?" balozi akauliza.

"Miaka ishirini na sita naosha. Sijawahi kusema nilichokiona. Leo nasema, Mungu anisamehe. Niliyemwosha mimi alikuwa na vidole sita mguu wa kushoto."

Watu wote wakatazama mguu wangu.

Vitano.

Yule kijana akaweka mchi chini polepole. Fundi baiskeli akasema, "Si niliwaambia," na hakuna aliyemcheka.

Lakini Bibi Semeni alikuwa hajamaliza.

"Siku ile nilishtuka. Mimi miguu ya Mwanajuma sikuwahi kuitazama. Kwa hiyo nikamwita mumewe uani, sisi wawili tu, kama inavyoruhusiwa kumwambia wa karibu. Nikamuuliza, mwanangu, mkeo ana vidole sita? Akaniambia..."

Akamnyooshea Abasi mkono.

"Akaniambia, ndiyo bibi, ndivyo alivyozaliwa. Nikanyamaza. Nani ajuaye miguu ya mke kuliko mume?"

Wadau... nilihisi ardhi imenikimbia.

Miaka sita ya ndoa. Miguu yangu aliipaka mafuta mwenyewe nilipokuwa na mimba ya Tatu.

Alijua! Tangu siku ya kwanza alijua kwamba anamzika mtu baki. Na alijua kwamba mimi niko hai mahali fulani, na hakutuma hata mtu kunitafuta. Nyumba ilikuwa ya baba yangu. Nikiwa nimekufa, yeye ni baba wa mrithi, anakaa humo na amtakaye. Na niliporudi, picha ya Kijapani ikamletea mchi mkononi bila yeye kuutafuta.

"Abasi," nikamwita.

Hakunitazama. Alitazama uchochoro. Balozi Lugembe akamshika ukosi.

"Twende, fundi. Sasa ndio tunawangoja polisi."

Kisha akanigeukia, machozi yanamlengalenga.

"Marahaba, mwanangu. Marahaba."

Abasi alifungwa, alipotoka akahamia mbali, sikumfuatilia. Mimi na Bibi Semeni tulikwenda hadi kwa kina Nyamizi. Mama yake alikuwa bado anamwekea chakula. Nilipotaja kile kidole cha sita tu, akakisogeza chungu pembeni.

Bibi Semeni hakuosha tena maiti baada ya hapo. Alisema ulimi wake umeshafunguka. Nilimwambia umeokoa mtu. Akasema, ndiyo, lakini siku ile ningewauliza na wanawake wengine waliokujua, nisimwamini mume peke yake, mwenzio angezikwa kwa jina lake.

Somo langu ni hili. Siri ya maiti itunzeni, ni haki yake. Lakini mtu mmoja akiwa peke yake ndiye shahidi, na yeye huyo huyo ndiye anayebaki na nyumba, ulizeni na wengine. Na mkiona watu wana woga halafu mmoja ana haraka, mtazameni huyo mwenye haraka.

Filamu mbaya haijawahi kuua mtu. Nami leo nawaruhusu mbishane mpaka asubuhi.

Ila yule mwanangu.

Watu wazima mtaa mzima waliamini niko hai. Tatu hakuamini. Baba yake alikuwa amemfundisha kwamba mama akija asimwitikie. Siku ya tisa alianguka uani akapasuka goti, akaita, "Mama!" Nikakimbia, mikono wazi.

Akanipita. Akamkimbilia Maua.

Maua naye alikuwa amedanganywa kama sisi wote, maskini, alikuwa anafunga mizigo yake aondoke. Nikamwomba abaki. Alikaa kwangu mwaka mzima, mpaka mtoto alipokubali kula mkononi mwangu.

Tatu sasa amepita miaka hamsini. Ananipenda. Ndiye aliyeninunulia simu hii.

Lakini mpaka leo nikiingia chumbani kwake bila kubisha hodi, anashtuka kwanza. Ndipo ananisalimia.