Rais wa Sehemu ya Saba

Rais hakutia sahihi.

Barni aliweka kikombe cha chai chini, akachukua rimoti, akarudisha nyuma na kutazama upya. Sehemu ya saba ya tamthilia ya *Meza ya Rais* aliijua kama anavyoijua Alhamdu. Mwanamke asiye na karatasi anaingia ikulu. Rais Tamimu anamuuliza, "Mtoto ni wa nani?" Mwanamke anajibu, "Ni wangu." Basi! Rais haiti kamati wala hasemi njoo kesho. Anatia sahihi, anagonga muhuri, mwanamke anatoka analia kwa furaha. Lakini alasiri ile Rais aliuliza, mwanamke akanyamaza, na Rais akabaki ameshika kalamu huku macho yake yakimtazama Barni.

"Flashi imeharibika hii," Barni alisema, akazima.

Sasa usimcheke. Wewe ukiudhika unalala, jirani yako anatafuna miraa, mwingine anawapiga watoto. Barni, mjane na mwalimu wa Kiswahili katika shule moja ya upili hapa Garissa, alikuwa akitazama mchezo wa nchi isiyokuwepo, yenye rais anayesikiliza. Alikuwa ameumaliza mara kumi na moja. Binti yake wa pekee, Nasteho, alikuwa na miaka kumi na tisa na amepata nafasi ya kusomea uuguzi Nairobi. Bila kitambulisho nafasi ingempita mwisho wa mwezi. Na kitambulisho hakikutoka, kwa sababu kila Nasteho alipoweka vidole kwenye mashine, mashine ilisema huyu ni mkimbizi.

Mkimbizi! Mtoto aliyezaliwa Bulla Iftin, hapa hapa Garissa, na babu yake amezikwa Sangailu! Lakini mwaka ule wa ukame, mifugo ilipokwisha, watu wengi wa huku walijipenyeza kambini Dadaab, wakajiandikisha kama waliovuka mpaka ili wapate unga na mafuta. Nani atawalaumu? Nasteho alikuwa na miaka mitano, na alama za vidole vyake zikachukuliwa. Barni alimwambia kila mtu, Nasteho mwenyewe kwanza, kwamba aliyempeleka ni ayeeyo, nyanya yake, ambaye alikuwa ameshakufa na hawezi kubisha.

Siku ya pili Rais alinyamaza tena. Safari hii sebule ilinuka wino, ule wa muhuri wa ofisini, na nyuma ya ukuta kitu kiligonga: kop. Kikanyamaza. Kop. Mbuzi waliokuwa wamelala kivulini waliinuka wote pamoja wakatoka uani.

"Hooyo, nani anagonga?" Nasteho alimuuliza mama yake kutoka jikoni, kwa sauti ya chini.

"Hakuna mtu, mwanangu."

"Na harufu hii?"

"Harufu gani? Osha vyombo."

Alikuwa ameisikia, wallahi. Lakini mtu aliyekwishachoka na serikali hana nguvu ya kushughulika na harufu.

Alhamisi wakaenda kuhojiwa mara ya nne. Walipanga foleni tangu alfajiri. Wazee wa kamati wakamuuliza Nasteho ukoo wake, akawatajia mababu zake hadi wa kumi na mbili bila kukwama, wazee wakatikisa vichwa wameridhika. Kisha karani Mustafe akamwekea mashine, ikalia.

"Mama, jina bado liko kwa wakimbizi," Mustafe alisema. "Ngojeni ile orodha ya kuwatoa Wakenya humo."

"Orodha inatoka lini?"

"Ikitoka mtasikia."

"Nimesikia hivyo mwaka mzima, Mustafe! Mwezi unaisha!"

"Sasa mama, mimi ndiyo mashine?"

Barni alirudi nyumbani akiwa amefura. Hakuvua hata viatu. Adhana ya magharibi ilikuwa inaanza alipowasha runinga, na Nasteho alisimama mlangoni na birika la udhu mkononi. "Hooyo, magharibi imeingia. Zima, tuswali."

"Niache!" Nasteho akarudi jikoni.

Rais Tamimu alikuwa tayari ameketi. Hapakuwa na mwanamke, hapakuwa na walinzi. "Mtoto ni wa nani?" aliuliza.

"Kenya haimtaki!" Barni alipiga kelele, machozi yanamtoka. "Kila siku njoo kesho, njoo kesho! Kama hawamtaki, mchukue wewe! Mchukue, awe mtu wako!"

Kila mwanamke wa huku anajua kwamba mdomo wa mama saa ya magharibi si wa kuchezewa. Tunawakaripia watoto, tunasema jini akuchukue, kweli, lakini papo hapo tunatema mate kando na kusema astaghfirullah. Barni hakusema. Mwanamke msomi, mwenye diploma, hakusema!

Rais akatabasamu, akatia sahihi, akainua muhuri, na mlio wake haukutoka kwenye runinga bali jikoni, ambako Nasteho alipiga ukemi. Barni alimkuta ameshika mikono yake mbele, ncha za vidole zote kumi zimelowa wino wa buluu. Walisugua kwa sabuni ya unga. Wino ulitoka, na mistari ya vidole ikatoka nao. Ngozi ilibaki laini kama ganda la yai.

Asubuhi Barni alimkokota hadi ofisini. Mashine haikulia.

"Hayumo kwa wakimbizi!" Mustafe alisema, macho yamemtoka. Barni akapiga vigelegele. "Lakini ngoja, mama. Hayumo popote. Mashine haioni kidole." Akaifuta, akajaribu tena, kisha akainua uso na kumtazama Barni kwa subira, vile mtu anavyomtazama mgonjwa. "Kwani mama, binti mwenyewe umemwacha wapi?"

Nasteho alikuwa ameketi mbele yake, magoti yanakaribia kugusa meza.

Walipofika nyumbani dada yake Barni, Khadijo, alikuwa ameleta maziwa ya ngamia. Akamimina vikombe viwili.

"Na cha Nasteho?" Barni akauliza.

"Nasteho yupi, abaayo?" Khadijo akasema, na hakuwa anatania.

Kuanzia hapo hofu ikaingia ndani ya mifupa, kwa sababu muuza duka alimpa chenji ya Nasteho mtu wa nyuma yake, na wanafunzi wenzake wa zamani walimpita njiani wakicheka mambo yao, na muhuri uligonga ukutani mchana kutwa, kop, kop, kila mlio ukimfuta kichwani mwa mtu mmoja aliyemjua, na Nasteho akikaa kitandani akijitajia mababu zake kwa kunong'ona ili asipotee, hadi siku ya tatu, alasiri, Barni alipopakua chakula katika sahani moja, akaitazama sahani ile, akaanza kulia, na hakujua analilia nini. "Hooyo," sauti ikamwita kwa mbali, "usinisahau na wewe." Ndipo alipokimbia barabarani bila viatu kumwita sheikh.

Sheikh Yarrow, msomaji wa ruqya, kisomo cha kufukuza majini, ni mtu mkali. Hana hirizi, hana makombe ya kunywesha, na hapendi kupotezewa wakati. "Ng'oa waya wa kidude hicho," alisema akiingia. Barni aling'oa. Picha haikuzima.

"Sheikh, umekuja bila miadi," Rais Tamimu alisema.

Sheikh akasoma Ayatul Kursiy, akasoma sura ya Jini, akasoma Falaq na Nas, hadi sauti ikakauka na kanzu ikalowa jasho. Yule kiumbe akamngoja amalize, mikono ameikunja juu ya meza. "Nimepewa na mama yake," akasema. "Kuna sahihi, kuna muhuri. Njoo kesho."

Laiti ungemwona sheikh alivyokasirika! Akamgeukia Barni. "Mwanamke, huyu amekalia uongo. Kuna uongo kuhusu mtoto huyu humu ndani, naye ameufanya kiti. Utoe!"

"Sina uongo, sheikh."

Kop. Nasteho, pale kitandani, alizidi kufifia.

"Mtoto ni wa nani?" Rais akauliza.

"Ni wangu!" Barni alianguka magotini. "Ni wangu, na mimi ndiye niliyempeleka kambini! Ayeeyo yake alikataa. Alinishika ushungi, akalia, akasema tutakula majani lakini usimuuze mtoto jina lake. Nikamsukuma mzee wa watu. Nilimshika mtoto mkono mimi mwenyewe, nikavikandamiza vidole vyake kwenye kioo, kimoja kimoja, kwa gunia la unga na kopo la mafuta. Wallahi ni mimi. Namrudisha kwangu. Simtoi kwa mtu!"

Kisha kioo cha runinga kikapasuka kutoka juu hadi chini, na harufu ya wino ikatoka na upepo wa mlangoni.

"Wewe, hooyo?" Nasteho aliuliza, na sauti yake sasa ilikuwa karibu, nzima. "Miaka yote hii mimi namlaani ayeeyo kaburini, na ni wewe?"

Sheikh Yarrow aliivunja flashi kwa kisigino, akaomba maji ya kunywa, akaondoka bila kuaga.

Siku ya mwisho ya mwezi walipanga foleni tena. "Ah, Nasteho!" Mustafe alisema. "Keti, dada." Akaishika mikono yake, akaitazama mistari ya vidole iliyorudi, akaviweka kwenye mashine kimoja kimoja. Mashine ikalia kwa sauti. Mustafe akainamisha kichwa.

"Soma," Barni alisema.

"Pole, mama. Ni mkimbizi."

"Soma tena!"

"Mkimbizi, mama. Nasteho Guled Adow. Yuko hapa kabisa."

Barni alisujudu pale pale kwenye sakafu ya ofisi, akalia alhamdulillah, alhamdulillah, na watu wakadhani mwalimu amepata wazimu. Nasteho hakumwinua. Alichukua faili lake, akageuka, akaomba njia, na foleni nzima ikampisha.