Kifaranga Mmoja Nje ya Boksi

Kila asubuhi ya likizo, kabla jua halijakuwa kali, shangazi yangu alipakia maboksi ya vifaranga kwenye gari dogo la kituo cha kuangulia mayai, na hakuna aliyethubutu kumharakisha. Kila boksi lilikuwa na vifaranga mia moja wa siku moja, na matundu ubavuni ya kupitisha hewa. Shangazi alilifunga kwa kamba, akakaza fundo mara mbili, kisha akatega sikio. "Wakilia kwa fujo wana joto," alinifundisha. "Wakinyamaza kabisa wana baridi. Wakinong'ona hivi, twende zetu."

Mimi nilikaa mbele, nikiwa nimeshika boksi moja lililokosa nafasi nyuma. Kazi yangu ilikuwa kulizuia lisiyumbe. Kazi nyingine, ambayo hakuna aliyenipa, ilikuwa kuongea njia nzima, ndiyo maana shangazi aliniita Chiriku.

Sheria ya gari ilikuwa moja tu: kifaranga hatoki ndani ya boksi mpaka afike kwa mfugaji. Niliijua vizuri. Lakini asubuhi ile kifaranga mmoja alichomoza mdomo kwenye tundu, akanichungulia, na mimi nikasahau kila kitu nilichofundishwa. Shangazi alikuwa akitazama barabara. Nikalegeza kamba polepole, nikamtoa, nikamficha viganjani. Nilisikia moyo wake ukidunda, na nikafurahi mno.

Tulipofika penye vichaka, karibu na mto, aliniponyoka. Akaanguka chini na kukimbilia miguuni kwa shangazi huku akilia. Shangazi akasikia mlio pale kwenye pedali. Akainamisha macho kidogo tu ili asimkanyage. Alipoyainua, paa alikuwa amesimama katikati ya barabara.

Breki zilipiga kelele. Kikasikika kishindo, tena si kikubwa. Gari likasimama.

"Umeumia?" shangazi aliniuliza. Nikatikisa kichwa. "Basi kaa hapahapa."

Sikukaa. Paa alikuwa amelala kando ya lami, mdogo kuliko mbuzi, ubavu wake ukipanda na kushuka haraka haraka. Shangazi alivua mtandio wake, akamfunika macho ili asituogope, kisha akawapigia simu askari wa wanyamapori. Halafu akachuchumaa hatua chache kutoka pale. "Pole, mama," alikuwa akisema kwa sauti ya chini. "Pole sana. Sikukuona." Ubavu ule ukatulia kabla askari hawajafika, na kwa mara ya kwanza nikamwona shangazi akilia.

Mwendesha pikipiki mmoja alisimama akatazama. "Dada, aliyekufa amekufa. Huyo ni kitoweo, mnakiacha kweli?"

"Kaka, endelea na safari yako," shangazi alimjibu. "Nimemgonga mimi, na nitakaa naye mpaka wahusika waje."

Askari aliyekuja alikuwa mama mmoja mpole. Alipima alama za matairi barabarani, akauliza ilikuwaje.

"Kifaranga alitoka kwenye boksi, akaja miguuni," shangazi alisema. "Nadhani sikukaza kamba." Kisha akanigeukia. "Au wewe uliona nini, Chiriku?"

Nikainamisha macho. "Sikuona kitu," nilisema. "Labda fundo lililegea lenyewe."

Askari alisema gari halikuwa katika mwendo kasi, na kwamba shangazi alifanya vyema kuripoti. Alimpa pole, akatuaga, na shangazi akamrudisha kifaranga, akiwa mzima, ndani ya boksi. Mimi nilidhani mambo yameisha.

Kumbe yalikuwa ndiyo kwanza yanaanza. Jioni shangazi aliweka ufunguo wa gari mezani. "Miaka kumi na moja nafunga yale maboksi," alimwambia baba. "Kama mikono imeanza kusahau fundo, kesho itasahau usukani. Nitamrudishia mwenye kituo ufunguo wake Jumatatu."

Siku mbili hakwenda kazini. Nilikula kidogo na kuongea kidogo zaidi. Mama alinigusa paji la uso akitafuta homa, hakuipata.

Siku ya pili, nilimkuta shangazi ameketi kibarazani na boksi tupu mapajani. Alikuwa akilifunga kamba, akikaza fundo, akilivuta kwa nguvu, akilifungua, kisha akianza upya. Fundo halikulegea hata mara moja, na kila mara aliitazama mikono yake kama mtu asiyeiamini. Niliona haya mpaka machozi yakanitoka.

"Shangazi, fundo halikulegea. Nililifungua mimi. Nilitaka kumshika kifaranga."

Alilitua boksi chini. Aliikunja kamba polepole, nami nikatamani anigombeze tu.

"Siku mbili naishtaki mikono yangu," alisema mwishowe, "na wewe unanitazama."

"Niliogopa hutanipenda tena."

"Hivi mapenzi yangu kwako ni ya kupotezwa na kifaranga?" Akanivuta karibu, ingawa uso wake ulikuwa bado umekunjamana. "Sikiliza. Kumtoa kifaranga lilikuwa kosa, na hilo utalijibu. Na mimi ninalo langu: ilinipasa kusimamisha gari kwanza, ndipo nitazame chini. Lakini ajali humkuta mtu. Uongo haumkuti mtu, yeye ndiye huufuata. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Wewe umeirefusha siku mbili nzima."

Asubuhi ya Jumatatu tulikwenda wote kituoni. Nilimweleza mwenye kituo kila kitu, mwenyewe, bila kusaidiwa. Alinipa kazi ya kuosha vyombo vya maji ya vifaranga mpaka likizo iishe, akamrudishia shangazi ufunguo bila hata kuuliza. Toka siku ile hakuna boksi linalopanda mbele. Lisilopata nafasi nyuma husubiri safari ya pili.

Asubuhi hiyohiyo, tukipeleka vifaranga, tulipokaribia vile vichaka shangazi alipunguza mwendo mpaka gari likawa linatambaa. Nilitazama nje, kando ya lami.

"Bado unamfikiria yule paa?" aliniuliza.

"Ndiyo."

"Hata mimi. Tusijilazimishe kumsahau," shangazi alisema, macho yake yakiwa barabarani. "Ukimuumiza kiumbe bila kukusudia, unasema ukweli, unamlilia, kisha kesho yake unaendesha kwa uangalifu zaidi. Dawa nyingine siijui, mwanangu."