Asali Kwenye Laini ya Mzani

"Wewe dada wa njano, nishikie ngazi! Nikidondoka hapa madereva wote watanicheka."

Asnath alisimama. Uwanja wa kiwanda cha mafuta ulikuwa umejaa malori ya alizeti kutoka Shelui na Mtinko, honi huku, vumbi kule, na yeye alikuwa anawahi zamu, gauni lake la kitenge cha njano limenyooka kwa pasi. Juu ya ngazi kulikuwa na kijana mrefu, ovaroli la bluu, bisibisi nyuma ya sikio.

"Dondoka tu, ndiyo utajifunza kusalimia."

"Habari za asubuhi, mrembo."

"Haya, sasa nakushikia."

Kijana akashuka mbio. "Ngoja! Wewe ndiye unayeita malori kwenye vipaza sauti?"

"Ndiye mimi. Na wewe ndiye fundi tuliyeambiwa?"

"Antipasi, wa Kintinku. Laini ya simu na vipaza sauti ya mzani wa malori ikiacha kelele kabla ya Ijumaa jioni, naajiriwa. Isipoacha, narudi kwetu."

Kutafuta ubovu wa waya si kazi ya mtu mmoja. Antipasi alikata laini katikati, akajaribu upande huu, akahamia ule, na Asnath kule chumba cha mitambo, anakoitia malori, ndiye aliyekuwa sikio lake. Kila kituo kilikuwa na simu ya ukutani.

"Moja, mbili, tatu. Unanipata?"

"Nakupata, ila nyuma yako kuna mtu anakaanga vitumbua."

"Na sasa?"

"Vitumbua vimepungua. Imebaki njaa yangu."

"Basi mchana nikununulie wali maharage, kipenzi."

"Kipenzi nani? Umenizoea mapema!" Lakini alikuwa anacheka, jamani, mpaka wenzake wakageuka.

Kufika Jumatano walikuwa wanakula sahani moja. Antipasi alikuwa anampenda, na alimwambia hivyo hivyo, mdomo umejaa maharage. Asnath alijibu kwamba atafikiria, ila usiku huo alichagua gauni la kesho mara tatu.

Alhamisi saa sita mchana Antipasi alipiga kutoka mzani. "Usikate, kuna kitu naangalia."

Asnath akasubiri. Mara ikaja sauti ya mwanaume, nyembamba, inakwaruza kama sauti zote za laini ile. "Mke wangu, leo umeniwekea nini?"

Mwanamke akajibu kwa kudeka, "Mlenda, mume wangu. Njoo mapema."

Asnath akaibamiza simu. Ilipolia tena hakupokea. Antipasi akampigia kwenye simu yake ya mkononi.

"Mpenzi, mbona umekata?"

"Kamuulize mkeo."

"Mke yupi?"

"Aliyekupikia mlenda!" Akamblock hapo hapo. Hebu niambie, binti mwenye masikio makali vile, alishindwa nini kuuliza swali moja zaidi? Wivu ndivyo ulivyo. Alilia chooni, akanawa uso, akarudi kuita malori.

Ijumaa asubuhi fundi wetu alikaa mzani kama aliyefiwa. Bila mtu wa kumsikiliza upande wa pili, kazi ilikuwa imekwama. Ndipo akili ikamjia. Kama Asnath alisikia mume na mke, basi waliongea kweli, na sauti zao zilivuja kutoka laini nyingine. Akaulizia kituo kwa kituo, mwisho akafika getini kwa mlinzi, mzee Simeoni.

"Shikamoo mzee. Jana saa sita uliongea na nani kwenye hii simu?"

"Marahaba. Na mke wangu Leah, yule mpishi wa kantini. Kwani kuulizia mboga ni kosa?"

Laini ya kantini na laini ya mzani zilikutana sehemu moja tu, kwenye boksi la nyaya nyuma ya mzani. Antipasi akalifungua. Lo! Nyuki wadogo, wale wasiouma, walikuwa wamejenga humo, na asali imetiririka juu ya viungo vya laini zote mbili. Akaikinga asali kwenye chupa, akawahamishia nyuki kwenye mzinga wa kuazima, akafuta, akakausha, akafunga nyaya upya.

Kisha akamwendea Leah na kumweleza yote. Mama wa watu akacheka mpaka mwiko ukamponyoka, akaenda chumba cha mitambo na aproni yake.

"Mwanangu, mume uliyemsikia ni wangu. Wako yuko mzani, anahesabu peke yake."

Asnath akanyakua simu.

"...themanini na sita, themanini na saba..."

"Nakupata," akasema, machozi yanamlenga. "Nisamehe, Antipasi. Nilikuhukumu bila kukuuliza."

"Nimekusamehe tangu arobaini. Sauti ikoje?"

"Safi. Nasikia hata unavyohema."

Nyuma yake meneja, Bwana Clement, alikuwa ameinama anasikiliza. "Mwambie Jumatatu aje kusaini mkataba," akasema.

"Asnath," Antipasi akaendelea, "nataka kuja kwenu kujitambulisha. Nataka nikuoe. Asali iliyotugombanisha ninayo hapa kwenye chupa. Nikimletea mama yako, atanipokea?"

Asnath akaweka simu chini, akabonyeza kitufe cha vipaza sauti vyote.

"Tangazo. Fundi Antipasi anatakiwa Mtinko, Jumapili saa nne asubuhi, nyumbani kwa mama Asnath. Aje na asali, na asichelewe. Mimi nimeshakubali."

Uwanja mzima ukalipuka kwa honi. Na kwa mara ya kwanza mwaka huo, kila neno lilisikika mpaka mzani.